Bwana Shamba Aliyewauliza Maprofesa

Siku hizi kila semina ninayoalikwa haikosi mada ya namna idara za serikali zinavyoweza kushirikiana na vyuo vikuu kupitia mitandao ya kijamii. Mtoa mada anasimama na kompyuta yake, anaongea saa nzima, sisi tunakula sambusa na kupiga makofi. Mimi huwa nakaa nyuma kabisa. Nikikaa mbele nitanyoosha mkono, nikinyoosha mkono nitamtaja Bwana Shamba, na nikimtaja sitamaliza bila kulia mbele za watu, mtu mzima na kilemba changu kichwani.

Basi acha nimtaje hapa, ambapo hakuna anayenitazama.

Nilifanya naye kazi miaka tisa katika ofisi moja ya serikali huku Pwani. Ofisi yenyewe siitaji, wenyewe wapo na bado tunasalimiana. Mimi nilikuwa afisa habari, yaani picha, matangazo na ukurasa wa ofisi mtandaoni. Yeye alikuwa afisa ugani, ila huko vijijini hakuna aliyekijua cheo hicho, wote walimwita Bwana Shamba, na sisi ofisini tukafuata. Vijiji vyake vilikuwa upande wa Kisarawe, nyumba yake ilikuwa Mkuza, Kibaha. Ijumaa jioni utamwona anarudi kwake na pikipiki ya ofisi, vumbi mpaka kwenye nyusi, shati la mikono mirefu limefungwa vifungo vyote hadi shingoni. Joto la Pwani lile! Ukimwambia afungue kimoja apumue, anakuuliza kama ulimwona mgonjwa.

Hakuvuta sigara, lakini mfukoni hakukosa kiberiti. Kilikuwa cha kupimia majani. Alikuwa analiweka jani la muhogo au la mkorosho juu ya karatasi nyeupe, kiberiti pembeni ili mtu ajue ukubwa wake, halafu anapiga picha kwa simu yake iliyopasuka kioo. Picha inakwenda kwenye ukurasa wake. Wenzake waliposti harusi na mbuzi wa Idi. Yeye aliposti majani.

Na maandishi yake, jamani! Aliandika mtandaoni kama anaandika barua ya masijala. "Shikamoo Profesa. Husika na somo la hapo juu. Mimi ni afisa ugani, cheo cha kawaida. Jani hili limetoka kwenye shamba lililopandwa mwezi wa tatu. Doa lilianzia chini likapanda juu, wala si kinyume chake kama kitabu kinavyosema. Naomba kuuliza, tumekosea sisi au kimekosea kitabu? Naomba kuwasilisha." Kisha anawatagi wahadhiri watatu, wanne, wa vyuo tofauti, ambao hajawahi kuonana nao hata siku moja.

Vijana wa ofisini walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi nilicheka pia, siwezi kukataa. Lakini maprofesa walikuwa wanamjibu. Siyo wote, ila walikuwa wanamjibu, na wengine walibishana wao kwa wao pale chini ya jani la mkulima wa Maneromango ambaye hata simu hana. Ukurasa wangu wa ofisi, wenye nembo na picha ya mkuu wa idara akikata utepe, haukuwahi kujibiwa na profesa yeyote. Nilimuuliza siri yake ni nini.

"Wewe hujawahi kuwauliza kitu," akaniambia. "Unawatangazia tu. Mtu anayetangaziwa atajibu nini?"

Alikuwa na desturi nyingine ambayo sijaiona kwa mtu mwingine wa serikali mpaka leo. Akijibiwa, alirudi. Baada ya wiki sita, saba, anaposti picha ya shamba lile lile. "Profesa, tulifanya ulivyosema. Mistari miwili imepona, mmoja umekufa. Ule uliokufa ndio unaoninyima usingizi." Wahadhiri waliwaonyesha wanafunzi wao. Mwaka mmoja wanafunzi wakaomba wenyewe kuja kwetu kufanya mafunzo kwa vitendo, kisa majani ya Bwana Shamba. Akawapokea kwa furaha aliyoificha vibaya sana. Siku ya kwanza tu alimkuta mmoja amevaa suruali nyeupe.

"Mwanangu, unakwenda kufunga ndoa na muhogo?"

Yule kijana alilia kwa aibu, na jioni Bwana Shamba mwenyewe akamnunulia suruali ya kaki mnadani. Ndivyo alivyokuwa.

Sitaki mtu adhani namfanya malaika. Alikuwa na majivuno. Alikuwa na daftari kubwa la kaunta ambamo aliandika kila mhadhiri aliyemjibu, na pembeni aliweka nyota, wengine moja, wengine tatu, kama mwalimu wa chekechea. Siku profesa mmoja alipomjibu bwana mifugo wetu badala yake, alinuna siku mbili, chai hanywi. Na yeye aliyewadai wasomi wamsikilize mkulima, mwenyewe hakuwahi kumwacha mkulima amalize sentensi. Tulikwenda naye Kwala mara moja kwenye mkutano, akaja mzee mfugaji na fimbo yake, akafungua tu mdomo, "Bwana Shamba, nilitaka..." Basi! Akamwagiwa somo zima la malisho ya kiangazi, aina za nyasi, namna ya kuzifunga. Mzee alisikiliza kwa adabu hadi mwisho. Kisha akasema, "Ahsante. Nilitaka kuuliza njia ya kwenda zahanati." Nilicheka njia nzima kurudi Kibaha, na yeye aliitazama barabara tu, na vifungo vyake.

Chuo kikuu hakusoma. Alisoma cheti cha kilimo, miaka miwili, "na mmoja niliumwa," alikuwa anasema. Nadhani ndiyo maana jibu la profesa kwake lilikuwa kitu kikubwa namna ile. Na ndiyo maana nililomfanyia halinitoki.

Upande wa Kisarawe kulikuwa na mama mmoja, Bi Tatu, mwenyeji wa kule kwa miaka yote. Msimu ule mihogo ilioza kijiji kizima. Kwa nje mti unauona mzima, ukichimba mizizi imejaa michirizi ya kahawia, hata nguruwe hali. Shamba la Bi Tatu peke yake lilikuwa safi. Alikuwa na muhogo aliourithi kwa mama yake, na majirani walikuwa wameshaacha kuupanda zamani kwa sababu unachelewa kukomaa. Bwana Shamba alichimba mashina kumi kwa mkono wake, yote mazima. Aliniambia alikaa chini pale pale kwenye tuta.

Shida ilikuwa moja. Wanawe Bi Tatu walitaka kung'oa wapande mikorosho. Walikuwa wameshaandaa miche. Bwana Shamba akamwomba yule mama asubiri. "Watu wa chuo watakuja," akamwambia mbele ya wanawe. "Watachukua pingili wakazipime. Huu muhogo wako unaweza kuwa dawa ya kijiji kizima." Bi Tatu akakubali kusubiri hadi masika. Wanawe wakaguna.

Akaposti. Tena siku hiyo alisahau mambo ya naomba kuwasilisha, aliandika kwa moto: mihogo inaoza, kijiji kitakosa chakula, sisi ofisini hatuna jibu, wataalamu mko wapi? Wanafunzi wakaisambaza. Jioni ilikuwa imefika kwa wakubwa wa mkoa, na asubuhi mkuu wetu wa idara alikuwa ananiita ofisini kwake hata mkoba sijaweka chini.

"Huyu mzee anatuvua nguo," akasema. "Andika barua ya onyo."

Nikaiandika mimi. Kwa lugha nzuri kabisa, mimi naijua lugha hiyo. Posti husika ifutwe, na kuanzia tarehe ya barua hii, mawasiliano yote na taasisi za elimu ya juu yapitie ukurasa rasmi wa ofisi. Nikampelekea mwenyewe ili asiipokee kwa mkono wa mhudumu. Akaisoma amesimama, akasaini kitabu cha kupokelea.

"Sawa," akasema. "Basi niulizie wewe, binti yangu. Ila uliza vizuri."

Alikuwa ameshaandika swali kwenye karatasi, ukurasa mzima wa mwandiko wake ulioinama. Nikaupeleka kuidhinishwa. Ulirudi umekatwa. Habari ya kuoza ikaondolewa, isije ikaleta taharuki. Kilichobaki kilisema ofisi yetu inakaribisha ushirikiano na vyuo vikuu katika zao la muhogo. Na kwa kuwa kila posti yetu ilitakiwa kuwa na picha ya mkuu wa idara, nikaweka picha yake badala ya mizizi ya Bi Tatu. Nilichoweza kumtetea Bwana Shamba ni kumtagi mhadhiri mmoja ambaye mzee alimtaja kwenye karatasi yake, bingwa wa magonjwa ya mihogo, mwenye nyota tatu kwenye daftari. Nikaona nimefanya jambo.

Sasa nieleze ukurasa ule ulivyofanya kazi. Tulikuwa na agizo: usijibu watu mtandaoni, mtagombana. Na kweli watu walitutukana. Ukiposti utepe, wao wanauliza maji. Inboksi ndiyo usiseme. Kwa hiyo nilizima sauti, nikazima taarifa zote, nikawa naingia kuposti na kutoka, kama mtu anayetupa taka nje bila kutazama kama jirani amesimama. Kwa zaidi ya mwaka sikuwa nimeifungua inboksi. Wala hakuna aliyeniuliza, kwa sababu taarifa yangu ya mwezi ilitaka idadi ya posti tu.

Jumatatu ya kwanza akapita mlangoni kwangu kabla ya kwenda Kisarawe. "Chuo wamejibu?"

"Bado, Bwana Shamba."

Jumatatu ya pili. "Kuna neno?"

"Hakuna."

Nilisema "hakuna" kama tunavyosema "salama" tukiulizwa habari za nyumbani. Mdomo unasema wenyewe. Nilitazama pale chini ya posti, sikuona maoni ya mhadhiri, nikaona nimetazama. Jumatatu nyingine sikutazama hata hapo. Alipita kwa wiki nyingi, kofia ya pikipiki mkononi, na mimi nilikuwa nampa jibu lile lile bila kuinua macho kwenye kompyuta. Haki ya Mungu, kufungua kungenichukua dakika moja.

Masika yakaanza. Akaenda kumwomba Bi Tatu asubiri mvua zipungue. Mama akasubiri, watoto wake wakimwona amerogwa. Mvua zikapungua. Akaenda tena, na safari hii mkubwa wa wale vijana akamwambia, "Mzee, hao watu wa chuo ni wa kweli au ni wa kwenye simu yako?" Wiki hiyo hiyo wakang'oa. Mihogo wakaila na kuuza, miti wakaikusanya ikakauka, ikawa kuni. Mbegu hiyo hakuna mwingine aliyekuwa nayo.

Bwana Shamba hakupandisha sauti. Alikuja ofisini kwangu akakaa kwenye kiti cha wageni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Unajua, binti yangu, kumbe walikuwa wananijibu kwa kunionea huruma," akasema. "Lilipokuja jambo lenyewe, wameniona mimi nani?"

"Labda wametingwa," nikamwambia. Nilimwambia hivyo mimi, kwa mdomo wangu huu.

Baada ya hapo akawa mtu mwingine. Kile kijiji alikuwa anakizunguka, anapita njia ndefu ili asikutane na Bi Tatu. Mwaka uliofuata ikaja barua kutoka chuo cha yule mhadhiri, ikiomba nafasi za wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo. Akaandika juu yake kwa kalamu nyekundu kwamba hatuna nafasi. Nilipouliza akasema, "Nilipowaita hawakusikia, sasa wanataka niwalelee watoto." Wanafunzi wawili walikuja wenyewe kumbembeleza, wasichana, wamevaa buti kabisa. Aliwarudisha stendi.

Siku ya kustaafu tulimkatia keki na kumpa jiko la gesi. Aliongea sentensi tatu akakaa. Wiki hiyo akaufuta ukurasa wake. Nilipokwenda kuutafuta nikakuta patupu, majani ya miaka yote na majibu yake hayapo.

Mimi nilihamishwa miaka miwili baadaye. Siku ya makabidhiano, dada aliyenipokea akaomba nywila ya ukurasa, akaingia, na kwa kuwa ni mtu wa utaratibu akaanzia inboksi. Nikamwambia huko ni matusi tu. Akawa anashuka na jumbe moja moja, taratibu.

"Hii ya mhadhiri mbona si matusi?" akasema.

Zilikuwa tatu. Ya kwanza iliandikwa siku ya tatu baada ya posti yangu. Mhadhiri alisema amehisi nyuma ya posti ile kuna yule afisa ugani wa majani, kwamba amemkosa kwenye ukurasa wake, na kwamba kama kuna shamba lililopona wao wako tayari kuja na gari lao ndani ya mwezi huo. Aliomba mambo mawili: waelekezwe shamba lilipo, na mwenye shamba aombwe asing'oe. Chini aliweka namba yake ya simu. Ya pili, wiki tatu baadaye: "Nakumbusha tu." Ya tatu ilikuja masika yakiisha. "Naona mmetingwa. Nawatakia kazi njema. Nisalimieni Bwana Shamba."

Nilitoka nje nikashika ukuta. Yule dada alidhani presha.

Kutoka kwangu Kongowe ya Kibaha hadi kwake Mkuza si safari, ukizubaa umeshapitiliza. Mimi ilinichukua miezi minne. Nilikuwa nimezipiga picha zile jumbe kwenye kioo cha kompyuta, picha ikawa inakaa kwenye simu, kila nikitafuta picha nyingine naiona, naipita haraka. Jumamosi moja nikajilazimisha. Mkewe alinifungulia, akanielekeza uani. Bwana Shamba alikuwa anamwagilia mchicha kwenye viroba, vifungo vyote vimefungwa.

"Shikamoo, Bwana Shamba."

"Marahaba, binti yangu. Umenenepa! Uhamisho umekukubali."

Hotuba yote niliyoiandaa ikayeyuka. Nikampa simu. Akaitisha miwani, akasoma, akaisogeza mbali, akasoma tena. Maji yalikuwa yanamwagika kwenye ndoo iliyolala, na hakuna aliyeinama kuiinua.

"Alijibu siku ya tatu," akasema.

"Ndiyo."

"Ile Jumatatu ya kwanza niliyokuuliza, jibu lilikuwepo."

"Lilikuwepo."

"Na ya pili."

"Nisamehe, Bwana Shamba. Sikufungua. Nilikuwa nakwambia hakuna, na sikuwa nimefungua."

Hakusema amenisamehe, wala hakusema hajanisamehe. Akakaa kwenye kigoda. "Nilimwambia Bi Tatu watu wa chuo wana dharau. Nilimwambia mbele ya wanawe, ili nisionekane mwongo mimi." Akavua miwani. "Na wale mabinti wenye buti..." Nilianza kulia, na nilitamani anitukane, ingekuwa nafuu.

Akanirudishia simu. "Hii umeiona lini?"

"Miezi minne iliyopita."

"Umemjibu?"

Nilidhani sikumsikia vizuri. Akarudia, sauti ile ile. "Huyu mwalimu. Umemjibu?"

Sikuwa nimemjibu. Nilikuwa nimelia, nimekosa usingizi, nimetunga namna ya kujieleza, nimefunga safari ya kuja kuomba radhi, na hata siku moja haikunijia kwamba upande wa pili kuna mtu aliyeuliza mara tatu na bado hajaambiwa chochote.

"Namba yake si hii hapa?" akasema. "Andika."

Nikafuta macho kwa kanga, nikaanza. Ofisi inasikitika kwa kuchelewa kujibu ujumbe wako...

"Nisomee."

Nikamsomea.

"Futa. Ofisi haikusikitika, ofisi hata haijui. Mwambie shamba lilikuwa la Bi Tatu, lilikuwa zima mashina yote, na halipo tena. Mwambie wanafunzi wake tuliwakatalia bure. Mwambie alifanya vizuri kujibu."

Niliandika kama alivyosema, neno kwa neno. Nilipomaliza nikamuuliza nitume.

"Bado hujaweka majina," akasema. "Weka yote mawili, la kwako na la kwangu."

Nikaanza na langu.